Mchongezi na Neno Moja la Mwalimu

Bi Nukta hapendi kushikwa mkono barabarani, na mtu akilijua hilo mapema watapatana vizuri. Kuna watu wema, wema wa kukera, ambao wakiona tu fimbo nyeupe wanamrukia, wanamkamata kiwiko na kumvusha barabara ambayo hakuwa na haja ya kuivuka. Yeye huwashukuru, husubiri waende zao, kisha hurudi alikotoka. "Leo nimevushwa mara mbili," humwambia mumewe jioni, "na mara zote nilikuwa nimesimama tu, napunga upepo." Mumewe, ambaye ni fundi redio, hucheka mpaka bisibisi inamponyoka.

Wala msimwonee huruma, tafadhali. Homa ilimchukua macho akiwa na miaka saba. Alilia alivyolia, kilio kikaisha. Sasa ana kazi anayoipenda, ana mume anayemchekesha, ana watoto wawili walioota mbawa wakaenda zao na bado hupiga simu kila Jumapili. Wangapi wana macho yao mawili mazima na hawana hata nusu ya hayo?

Jina la Bi Nukta alipewa kazini. Pale kazini wanachapa vitabu vya wanafunzi wasioona, vile vya karatasi nene zenye nukta nundu, ambavyo husomwa kwa ncha za vidole. Yeye ni mhakiki. Kabla kitabu hakijapigwa kwenye mabamba ya chuma, lazima kwanza kipite chini ya vidole vyake, nukta kwa nukta. Kosa likimpita yeye, limeshafika darasani, na mtoto wa darasa la tatu hana pa kukishitaki kitabu. Miaka thelathini na mmoja amekaa kwenye kiti hicho, na makosa yaliyompita unaweza kuyahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Yeye mwenyewe anayajua yote, na ukurasa wa kila moja.

Kompyuta zilipoingia pale, zilimtoa kijasho. Kila kitu picha! Bonyeza picha hii, vuta ile, peleka mshale huku. Mshale gani, mtu haoni? Miezi miwili alikuwa akirudi nyumbani kanuna, na mumewe akajifunza kunyamaza. Mpaka siku moja yule mtaalamu aliyekuja kuzifunga kompyuta akamfungulia dirisha moja jeusi lisilo na picha hata ya dawa. Akamwambia, "Hapa, mama, unaandika neno, na yenyewe inakujibu kwa neno."

"Kwa neno tu?"

"Kwa neno tu. Watu wengi hawalipendi."

"Shauri yao," akasema Bi Nukta, na tangu siku hiyo akahamia mle. Kompyuta humsomea kwa sauti kilichoandikwa, kwa Kiswahili cha mgeni aliyejifunza lugha kwa barua, lakini ameshakizoea. Chini ya kibodi kuna ubao mwembamba wenye pini ndogo zinazoinuka na kushuka, ambao humwandikia maneno yaleyale kwa nukta nundu, mstari mmoja mmoja. Na katika amri zote alizofundishwa, aliyoipenda kuliko zote ni moja ya herufi nne, diff. Unaiandika, unaipa majina ya faili mbili, nayo inakuambia zimetofautiana wapi: mstari wa kwanza huu, mstari wa pili ule, uliokuwa hivi umekuwa vile. Haisifu, haitoi maoni, inachongea tu. Bi Nukta akaibatiza jina, Mchongezi.

"Na kama faili zinafanana?" fundi wa mashine aliwahi kumuuliza. Huyu ndiye anayepiga mabamba chumba cha pili, mtu wa sauti nene kwa sababu ya kelele za mashine yake.

"Zikifanana anakaa kimya. Hana la kuchongea."

"Basi huyo si mchongezi wa kweli," fundi akasema. "Wa kwetu mtaani wasipokuwa na neno wanalitunga."

Sasa tuje kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, chai ya Bi Nukta haijapoa, bosi akaja kusimama mbele ya meza yake. Bosi wao si mtu mbaya. Ni mtu wa taratibu. Kuna mwaka mtu alibadilisha ukurasa kimyakimya baada ya kitabu kutiwa saini, mabamba arobaini yakaharibika, na tangu hapo bosi haamini kitu ambacho hajakitia saini yeye.

"Bi Nukta, Mwalimu ametuletea kitabu upya."

"Kipi, kile cha hadithi ishirini? Si ulishakisaini wiki mbili zilizopita?"

"Nilikisaini. Usiku ameleta faili nyingine. Ameandika, 'Chapeni hiki, nimebadilisha neno moja.' Neno gani, ukurasa gani, hakusema." Akashusha pumzi. "Mimi namheshimu yule mzee. Lakini saa nane mchana tunaanza kupiga mabamba, shule zinangoja. Nionyeshe kilichobadilika, mstari kwa mstari, nitakitia saini. Usiponionyesha, tunapiga cha kwanza."

Bi Nukta akachukua simu.

Mwalimu ni nani? Ndiye aliyemkalisha Bi Nukta kwenye benchi akiwa na miaka minane, akamshika kidole cha shahada na kukiweka juu ya herufi ya kwanza. Naye haoni, tangu kuzaliwa. Ana miaka themanini na kitu sasa, kifua kimeanza kumsumbua, na kila mtu anajua kwamba kitabu hiki ndicho chake cha mwisho, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kulisema.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama. Mwalimu, neno ulilobadilisha ni lipi?"

Mzee akakohoa. "Hujaliona bado?"

"Faili nimepewa sasa hivi. Niambie tu, Mwalimu, bosi anataka kusaini. Asipooneshwa atapiga cha kwanza."

"Cha kwanza kisipigwe!" Sauti ikapanda mpaka Bi Nukta akaiondoa simu sikioni. "Sikiliza. Kitabu kile kina uongo mmoja ndani yake. Nimekaa nao miaka mingi, na sitaki kuuacha nyuma yangu mimi nikishaondoka. Bora kisichapwe kabisa."

"Uongo gani? Mwalimu, kitabu kizima kina sungura wanaoongea."

Mzee akacheka, kicheko kikageuka kikohozi tena. "Sungura waache. Mengine hayasemeki kwenye simu, mwanangu. Ndiyo maana nimeliandika. Litafute." Akakata.

Bi Nukta akaiweka simu mezani. Mzee akisema kisichapwe, hatanii. Na bosi akisema saa nane, hatanii pia. Yeye ndiye aliye katikati yao, na ana saa sita kasoro.

Akakipitisha kitabu kizima kichwani, maana anakijua. Anakijua kuliko inavyostahili, tuseme ukweli. Kwa miaka Mwalimu alikuwa akimpelekea hadithi zake, na Bi Nukta akimrudishia: Mwalimu, mwisho huu unachechemea, Mwalimu, huyu fisi anaongea sana. Kisha mzee akawa anachoka, hadithi zikawa zinakuja nusu, na Bi Nukta akawa anazimalizia jioni, mume akiunga nyaya zake pembeni. Ile ya saba ni yake yeye, mwanzo mpaka mwisho. Ya kumi na mbili pia. Mwalimu alizipokea, akasema, "Hizi zitakaa," na zikakaa. Juu ya jalada kuna jina moja, na ndivyo vitabu vyote vilivyokuwa. Mumewe aliwahi kukasirika kwa niaba yake. Yeye alimwambia, "Mwanafunzi hamdai mwalimu," na mume akarudi kwenye redio zake akinung'unika. Kama alikuwa na donge mahali fulani, alilimeza zamani sana, na hakuwa na muda wa kulitafuta siku ile.

Akafungua dirisha jeusi. Akaandika amri, jina la faili ya kwanza, jina la faili ya pili, akabonyeza.

Lo! Mchongezi akaanza na hataki kunyamaza. Wa kwanza kutajwa ulimpita kabla hajatega sikio. Mstari wa tisa umebadilika. Wa kumi na moja umebadilika. Wa kumi na mbili, wa kumi na sita, wa kumi na saba. Sauti ya kompyuta ikatiririka mpaka Bi Nukta akaizima, akaomba hesabu tu. Mahali mia mbili na kumi na mbili.

"Neno moja!" akasema kwa sauti. "Mzee huyu ananitania au amezeeka?"

Akaurudia ule wa tisa, taratibu. Kompyuta ikamsomea uliokuwa zamani: "Hapo kale palikuwa na ng'ombe mweusi." Ikamsomea ulio sasa: "Hapo kale palikuwa na ng'ombe mweusi." Akasikiliza tena. Ng'ombe ni yuleyule, na weusi ni uleule. Akaenda wa kumi na moja: maneno yaleyale. Wa kumi na mbili: yaleyale, hata mkato haukuhama. Mchongezi anaapa kwamba ni tofauti, na sikio linaapa kwamba ni sawa.

Fundi wa mashine akapita na kopo lake la mafuta. "Vipi, mbona umekunja uso?"

"Mchongezi amejifunza tabia za mtaani kwenu. Anatunga."

"Si nilikwambia?" Akainama akatazama skrini. "Mimi nayaona sawa kabisa, herufi kwa herufi."

"Wewe na kompyuta mnaona sawa," akasema Bi Nukta polepole. "Ngoja kwanza. Mimi nimekazana kusikiliza, na vidole ninavyo."

Akaweka mikono kwenye ule ubao wa pini. Akauleta mstari wa zamani. Palikuwa na N, G, kisha nukta moja ya pembeni chini, ile alama ndogo ya ng', kisha O, M, B, E. Akaleta mstari mpya. Palikuwa na N, G, kisha... vidole vikasita. Alama ilikuwa nyingine, pana, iliyokula nafasi mbili. Ilikuwa ile ya kufungia maneno ya msemaji. Akarudi nyuma, akaenda mbele, akahakikisha. Kisha akapiga meza kwa kofi, chai ikaruka.

"Kitone cha ng'!"

"Kimefanyaje?"

"Cha faili ya kwanza kimesimama wima. Cha faili mpya kimepinda, kama ndoana. Tazama vizuri."

Fundi akaweka pua kwenye skrini. "Haki ya nani. Kimepinda kidogo. Sasa kinadhuru nini?"

"Kwako wewe hakidhuru. Kwa mashine yako ni alama nyingine kabisa. Ungempigia mtoto 'ng', ukamfungia maneno, ndipo 'ombe' ianze upya. Ng'ombe mia mbili, wote shingo zimevunjika!"

Mambo yalikuwa hivi, na si kosa la mtu kwa kweli. Faili ya kwanza aliiandika Bi Nukta mwenyewe. Ya pili Mwalimu alimpa mkwewe, mke wa mwanawe, aipitishe kwenye kompyuta yake ya ofisini, moja ya zile zinazojifanya zinajua kupamba maandishi. Kila ilipokuta kitone kilichosimama ikakipinda, bila kuulizwa. Kitabu cha lugha nyingine kingepona. Lakini cha Kiswahili, tena cha watoto, chenye ng'ombe wanaong'oa majani ng'ambo ya mto, na kobe anayeng'ang'ania, kitaponea wapi? Kobe peke yake alikuwa na vitone viwili.

Saa tano na nusu. Bi Nukta akatengeneza nakala ya faili mpya, akaipa amri ya mstari mmoja: kila kilichopinda kisimame. Ikatii mara moja. Akamwita Mchongezi tena, akabonyeza.

Kimya.

Akangoja. Akabonyeza tena. Kimya. Hakuna hata mstari mmoja.

 Kimya cha Mchongezi maana yake faili zinafanana, basi hakuna neno lililobadilika. Mzee alifikiri amelibadilisha na hakulibadilisha. Au mkwewe alituma faili siyo. Au alilibadilisha kichwani tu, alfajiri, kama wazee wanavyofanya, akaamini kwamba ameliandika. Na sasa nani atampigia simu kumwambia? Bi Nukta akaona machozi yanakuja, akakasirika nayo. Akanywa chai iliyopoa, yote, kwa mkupuo.

Kisha akafanya alichopaswa kufanya mwanzo. Akairudisha ile amri aliyoandika, akaisoma kwa vidole. Jina la faili ya kwanza: sawa. Jina la faili ya pili... la kwanza tena! Alikuwa ameilinganisha faili na yenyewe.

"Mjinga wewe," akajiambia, na akaanza kucheka peke yake. Miaka thelathini na mmoja anawasahihisha wenzake, leo amemuuliza Mchongezi kama Bi Nukta anafanana na Bi Nukta. Chumba cha pili mashine ilisimama, fundi akauliza kuna nini. Akamwambia hakuna, endelea na mafuta yako.

Akaandika upya, herufi kwa herufi. Akabonyeza.

Mahali pamoja tu, mstari wa nne.

Mstari wa nne haukuwa kwenye hadithi yoyote. Ulikuwa kwenye dibaji, pale ambapo mwandishi huwasalimu watoto kabla hajaanza. Akaizima sauti ya kompyuta, maana hakutaka yule mgeni amsomee. Akaweka vidole. Uliokuwa zamani ulisema: "Kitabu hiki nimekiandika jioni nyingi, kwa furaha." Akashuka kwenye ulio mpya.

"Kitabu hiki tumekiandika jioni nyingi, kwa furaha."

Akausoma mara ya pili. Akausoma mara ya tatu, akakaa hapo mwanzoni mwa neno, kwenye zile herufi mbili, vidole havitaki kuondoka. Ni imeondoka, tu imekaa. Hakuna kingine kilichoguswa. Alilia basi, na safari hii hakujikasirikia. Lile donge alilodai kwamba alilimeza lilikuwa palepale siku zote, na alilijua kwa sababu sasa lilikuwa linayeyuka.

Saa saba na nusu alikuwa mlangoni kwa bosi, uso umeoshwa, karatasi mkononi. Bosi akaisoma. Akageuza nyuma aone kama kuna zaidi.

"Ni hili tu?"

"Ni hilo tu. Faili imesafishwa, vingine vyote ni kama ulivyosaini."

"Nimekiandika kuwa tumekiandika." Akagonga kalamu mezani. "Bi Nukta, Mwalimu si ameandika peke yake? Jalada lina jina moja. Labda ni kosa la kuchapa, mkwewe kapitiwa."

"Si kosa."

"Unajuaje?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu, kuliko vitone vyote mia mbili. Angeweza kusema ni namna tu ya wazee kujitaja, mtu mmoja anajiita sisi, na bosi angeridhika. Angeweza kusema muulize mwenyewe. Maneno hayo yote yalikuwa tayari mdomoni, yamezoea njia.

"Mimi nikisaini 'sisi'," bosi akaendelea, na hakusema kwa ubaya, "lazima nijue sisi ni akina nani. Kesho nikiulizwa nitasema nini? Yeye na nani?"

Bi Nukta akashika fimbo yake kwa mikono miwili.

"Yeye na mimi," akasema.

 Bi Nukta akasikia kiti kikilia, bosi akijiegemeza nyuma na kumtazama, pengine kwa mara ya kwanza tangu waanze kufanya kazi pamoja.

"Ile ya kobe?" bosi akauliza. "Mwanangu ananisomesha ile kila siku kwenye nakala ya majaribio."

"Ya kobe ni ya saba. Ndiyo, ni yangu."

"Miaka yote hii hukusema."

"Hakuna aliyeniuliza."

Kalamu ikakwaruza karatasi, saini ndefu yenye mkia. Kutoka chumba cha pili fundi wa mashine akapaza sauti juu ya ngurumo, anataka kujua apige au asipige, na kama anapiga, anapiga kipi.

Bosi alikuwa ameshafungua mdomo, Bi Nukta akamwahi.

"Piga chetu!" akajibu.